Karatasi Kwanza, Mkebe wa Bibi Baadaye

SWALI

Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Wete, Pemba, na nafanya kazi ya ofisini. Nikirudi jioni kichwa kimejaa mahesabu ya watu na mikono haina shughuli isipokuwa simu. Nawaona watu wakitengeneza mikufu, wakifufua vitu vya kale, wakikunja karatasi ikawa maua na kadi, na moyo wangu unanituma. Mwaka jana niliagiza paketi ya shanga za plastiki na vifaa vyake. Nikafanya bangili mbili, nikachoka. Sasa bibi yangu mzaa mama amefariki na nimepewa mkebe wake wa biskuti. Ndani mna mkufu wa shanga uliokatika, kikuku kimoja kisicho na mwenziwe, vipesa vyeusi vyenye picha ya mizani, sarafu moja kubwa yenye sura ya mwanamke, vifungo vya nguo, na vikaratasi vya rangi vilivyoviringwa ambavyo sikujua ni vya nini, nusura nivitupe. Mama mkwe anasema hii yote ni michezo ya watoto. Nianzie wapi: mapambo, vitu vya kale au karatasi? Na ni lazima niuze ndiyo ionekane nimefanya jambo?

JIBU

Waalaykumu salaam mwanangu. Mungu amrehemu bibi yako.

Kabla ya yote, vile vikaratasi usivitupe. Vifunge leo hii katika kitambaa safi cha pamba, uvirudishe mkebeni, na mkebe uuweke mahali pakavu, mbali na ukuta unaotoa unyevu.

Sijaviona kwa macho, kwa hivyo nasema kwa kukisia. Ikiwa ni karatasi nyembamba iliyokatwa utepe, ikaviringwa kwa kubanwa sana mpaka ikawa kama kifungo kinene cha koti, basi hayo ni majasi. Wanawake wa mwambao huu walikuwa wakitoga masikio matundu kadhaa, na tundu la ndewe wakilipanua taratibu mpaka likaweza kupokea kitu cha mviringo. Mwenye uwezo alitia jasi la fedha au la dhahabu. Asiyekuwa na uwezo huo alitia karatasi ya rangi iliyoviringwa, na hata mwenye dhahabu hakuivaa dhahabu yake kila siku akichota maji. Zitazame picha za wanawake wa Unguja zilizopigwa mwanzoni mwa karne ya 20. Utaona masikioni vidude vya duara, na ukisogeza jicho utaona mistari inayozunguka kuelekea kati, kama konokono. Mistari hiyo ni kingo za karatasi. Vya kwako huenda si vya bibi yako bali vya mama yake, naye akaviweka kwa sababu ile ile unayotaka kuviweka wewe.

Unaniuliza uchague baina ya mapambo, kitu cha kale na karatasi, na huku mkebeni mna kitu ambacho ni vyote vitatu kwa pamoja.

Hata hivyo mkono una darasa lake, na mimi nakwambia uanze na karatasi. Mkebe uufunge kwanza, usitie gundi wala waya wala sabuni humo ndani kwa muda wa miezi mitatu hivi. Nimefundisha kazi za mikono zaidi ya miaka 30, na vitu vya marehemu vingi nilivyoona vimeharibika viliharibiwa na mtu mwenye mapenzi makubwa na mkono wa wiki mbili. Ukikosea karatasi unaokota nyingine. Ukikosea mkufu wa bibi huna wa kumuomba radhi.

Ile paketi ya plastiki ilikuchosha kwa sababu kila kitu kilikuwa kimeshaamuliwa huko ilikotoka: rangi, ukubwa, tundu, mpaka picha ya bangili ilivyotakiwa iwe. Kwako ilibaki kazi ya kupitisha uzi. Usijilaumu.

Sasa chukua ufagio wa chelewa. Naam, ufagio. Chomoa chelewa mbili tatu zilizonyooka, uzikate urefu wa kiganja, uzipitishe msasa mwepesi au uzisugue kwa kitambaa kikavu zisiwe na nyuzi zinazokwama. Kwengine watu hununua vijiti maalumu vya kuviringia shanga za karatasi. Sisi tunavyo nyuma ya mlango. Chelewa nyembamba inakupa tundu dogo, kitako chake kinakupa tundu la kupitisha kamba nene. Ndiyo hizo hizo ambazo kaka zako walifungia tiara wakati wa upepo, na mama mkwe akisema karatasi ni mambo ya watoto mkumbushe kuwa tiara mbovu hairuki, na aliyeitengeneza ikaruka alikuwa na hesabu kichwani.

Karatasi nzuri kwa kuanzia ni ya jarida au kalenda ya zamani, ile laini yenye kung'aa kidogo. Gazeti ni jembamba mno, linanywa gundi na wino wake unachafua vidole. Manila ni ngumu, inavunjika badala ya kuviringika. Chukua ukurasa wa A4, wenye sentimita 21 kwa karibu 30. Pima kwa rula, ukate pembetatu ndefu: kitako sentimita 2, urefu ukurasa mzima, na ncha imalizike kwa wembamba kabisa. Ukizipanga moja juu moja chini, ukurasa mmoja unatoa karibu pembetatu 20. Anza kuviringia kitako kwenye chelewa, mzunguko wa kwanza bila gundi ili ushanga usigande na kijiti, kisha paka gundi nyeupe kidogo sana, uviringe kwa kubana huku ukitazama ncha ikae katikati sawasawa. Utapata ushanga wenye tumbo, urefu wake sentimita 2, unene kama milimita 5 au 6. Kwa hivyo ukurasa mmoja wa kalenda unakaribia kukupa mkufu mzima wa shingoni. Hesabu hii huwafurahisha wanafunzi wangu kuliko kitu chochote nilichowahi kuwafundisha, na sijui kwa nini, lakini nami hunifurahisha.

Shanga 10 za mwanzo zitakuwa mbaya. Ncha itakwenda upande, tumbo litapinda. Usizitupe, zitie kwenye kikombe zikae mbele yako. Kufika ya 20 vidole vitakuwa vimeshajua nguvu ya kubana, na hapo ndipo utakapoanza kuona jambo ambalo hakuna paketi inayouza: rangi inayoonekana mwisho ni ile iliyokuwa kwenye ukingo na ncha ya pembetatu tu, zilizobaki zinazama ndani. Picha ya bahari iliyokuwa nzuri ukurasani inaweza ikatoa ushanga wa kijivu. Tangazo baya la sabuni likatoa ushanga mzuri ajabu, mwekundu na mweupe kama kisutu. Hapo unaanza kukata karatasi kwa kufikiri, na hapo ndipo kichwa kinapoyasahau mahesabu ya ofisini.

Neno moja la adabu, nalo wewe unalijua lakini mkasi husahau. Kabla ya kukata, pitia karatasi. Majarida na kalenda zetu zina aya, zina jina la Mwenyezi Mungu, zina ratiba za imsakia. Kurasa hizo zitenge, uzihifadhi au uziondoe kwa heshima inavyotakiwa. Usije ukamvalisha mtu jina la Mola kwenye kifundo cha mguu.

Gundi usitumie ya unga. Najua bibi zetu waligandisha kwa uji wa wanga na kwa wali uliopondwa, na kwa mapambo ya siku moja ya Maulidi inatosha. Mimi mwaka wangu wa pili nilitengeneza shanga mia mbili kwa gundi ya unga ili kuokoa pesa, nikazitia katika boksi la viatu, nikaenda msibani Dar es Salaam wiki tatu. Niliporudi nilikuta mende wamekula mkufu, wamebakisha uzi. Tangu siku hiyo natumia gundi nyeupe ya mbao, na ndani ya boksi natia karafuu chache. Wewe wa Pemba karafuu hazikushindi.

Vanishi ndiyo inayoutenganisha ushanga wa karatasi na maji. Chomeka shanga kwenye chelewa, chelewa uzichomeke kwenye kipande cha mgomba au kiazi, upake tabaka nyembamba, usubiri siku nzima, upake tena. Tabaka tatu. Vanishi ya maji haina harufu kali ya kuwasumbua watoto. Ya mafuta inang'aa zaidi, lakini ipakie nje kwa ajili ya harufu yake. Lakini mwezi ni jambo la kuangalia. Masika, Machi mpaka Mei, hewa yetu ni maji matupu, na vanishi iliyopakwa jioni asubuhi bado inanata alama za vidole. Kata na uviringe masika, paka vanishi kipupwe kikiingia, Juni na Julai. Ukishindwa kusubiri, paka saa nne za asubuhi, anika kivulini penye upepo, na shanga zikikauka zihifadhi pamoja na vile vipakiti vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja katika maboksi ya viatu.

Kuhusu uzi, wewe uko kisiwani, mshipi wa kuvulia umejaa madukani. Chukua mwembamba, wa milimita 0.3 au 0.4. Una tabia moja mbaya: fundo lake linateleza. Pitisha mara mbili kabla ya kukaza, kisha dondoshea rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya fundo, ulifiche ndani ya ushanga. Kulabu za hereni usinunue za rahisi kabisa bila kuuliza. Nyingi zina nikeli, na masikio ya watu wengi huwasha na kutoa maji kwa ajili yake. Ni bora hereni moja yenye kulabu ya fedha kuliko jozi kumi zinazomsubiri daktari.

Mkufu wa kwanza ukiwa tayari kupangwa, weka shanga juu ya kanga yako unayoipenda. Usizilinganishe na picha za simu. Kanga ina pindo na ina mji, na aliyeichora alijua kwamba pindo linashikilia ili mji uonekane. Fanya mkufu hivyo hivyo: shanga za pembeni, zile za shingoni nyuma, ziwe pindo, tulivu, rangi moja au mbili. Tatu au tano za mbele ndizo mji. Wanafunzi wangu wengi kosa lao ni kufanya mkufu wenye mji mtupu, kila ushanga unapiga kelele. Ukichoka na kanga, tazama viua vya kofia, mkeka wa rangi, maua ya hina mikononi mwa bibi harusi, mnyororo uliochongwa pembezoni mwa mlango wa zamani. Niliwahi kukaa nusu saa nzima nje ya mlango mmoja Kiponda nikinakili mnyororo kwa penseli, mwenye nyumba akatoka kuniuliza nadai nini.

Ukishavaa mkufu mmoja ulioutengeneza kwa ukurasa wa kalenda na watu wawili wakakuuliza umenunua wapi, basi ufungue mkebe.

Vile vipesa vyeusi vyenye mizani ni pesa za Sayyid Barghash bin Said, sultani wa Zanzibar. Zilizo nyingi zina mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Ni shaba nyekundu, na weusi ule ni ngozi yake ya miaka. Usiukwangue. Nilipokuwa na umri kama wako nilichukua vipesa vitano vya nyumbani kwetu nikavitia ndimu na chumvi, nikasugua mpaka vikawa vyekundu kama kiganja. Nikajivunia, nikampelekea mzee mmoja wa Mji Mkongwe aliyekuwa akikusanya sarafu. Akavigeuza kimoja kimoja, akanirudishia, akasema, "Umevikosha vizuri. Sasa havina umri." Ndimu na ukwaju ni dawa ya sinia na birika la shaba, hapo sina ugomvi. Kwa sarafu, maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini, basi.

Ile kubwa yenye mwanamke mnene aliyejifunga shela nyuma ya kichwa ni riali ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Itasomeka 1780. Usikimbilie kufurahi kwamba ni ya mwaka huo: mwaka wenyewe aliokufa malkia ndio ulioendelea kupigwa juu ya sarafu hii kwa vizazi vingi, na katika miji mbalimbali, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na huku kwetu walikuwa hawaamini nyingine. Ya kweli ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na fedha yake ni asilimia 83. Sonara yeyote mwenye mizani anaweza kukupimia mbele ya macho yako. Sumaku isiivute. Mikufu na vikuku vingi vya fedha vya mwambao wetu vilianza maisha kama riali hizi, zikayeyushwa.

Na hapo kuna hatari. Ukimpelekea sonara kile kikuku kimoja kisicho na mwenziwe, anaweza akakupa rai kwa nia njema kabisa: tuyeyushe tukufanyie pete tatu za kisasa. Kataa. Pete za kisasa zimejaa Darajani. Mkononi mwa fundi wa kale kulikuwa na nyundo na ustadi ambao hukuti tena kirahisi. Mwambie akupimie, akuonyeshe kama ni fedha au ni shaba iliyopakwa, na kama kuna ufa auunge. Nyumbani ukisafishe kwa sabuni na mswaki laini, si kwa dawa ya meno wala jivu, maana vinakwaruza. Weusi uliolala ndani ya nakshi uuache, ndio unaoifanya nakshi isomeke. Hewa ya chumvi itakirudishia wingu. Kihifadhi na kipande cha chaki ya skuli, inavuta unyevu.

Sarafu kuzitoboa ni haramu kwangu, ijapokuwa najua mabibi walizitoboa na kuvaa. Walizitoboa zikiwa pesa za juzi. Ukitaka kuvaa pesa ya Barghash, ifungie kizimba cha waya: waya mwembamba wa shaba uuzungushe pembeni, uvuke mara mbili mbele na mara mbili nyuma kama kamba ya pakacha, juu uache kitanzi. Inavalika, na kesho ukibadili mawazo unafungua na sarafu iko salama. Fanya mazoezi kwanza kwa sarafu ya shilingi mia mbili.

Mkufu uliokatika ndio kazi tamu kuliko zote mkebeni, na uifanye polepole. Tandaza taulo, zimwage shanga juu yake, upige picha. Kama kipande cha uzi wa zamani bado kina shanga kadhaa zilizopangana, usizichomoe mpaka uandike zimefuatana vipi. Huo ndio mpangilio wa mkono wa bibi, au wa mama yake, na ukipotea haupatikani kwengine. Utakuta labda kioo, labda marijani, na zile za manjano pengine zitadaiwa kuwa kaharabu. Kaharabu ina jaribio la jikoni: koroga vijiko vidogo saba vya chumvi katika kikombe cha maji, dondosha ushanga mmoja usio na uzi wala chuma. Kaharabu ya kweli huelea. Bekelaiti, plastiki ya zamani ambayo kwa macho inafanana nayo sana, huzama. Kisha uusuuze kwa maji baridi. Ukizitunga upya, tunga kwa uzi wa pamba au hariri uliopigwa fundo baina ya kila ushanga, ili siku utakapokatika tena upoteze mmoja tu. Penye pengo, penye shanga zilizopotea, usitafute za kufanana. Weka za karatasi ulizotengeneza mwenyewe. Hapo mkufu utakuwa wa watu wawili, na yeyote mwenye macho ataona wapi bibi ameishia na wapi mjukuu ameanza.

Vifungo usividharau, hasa vya chaza vyenye kung'aa. Ukipenda kung'aa huko, ukivuka Unguja wapo akina mama wa Fumba na Bweleo ambao wamefunzwa na wataalamu wa sayansi ya bahari kufuga chaza na kuvuna nusu lulu: kiini cha nusu duara hubandikwa ndani ya gamba, na chaza mwenyewe hukifunika kwa miezi kadhaa. Huko ununue kwa moyo mweupe. Lakini ukimkuta mtu anauza bangili au kitana cha ng'amba, pita. Biashara ya kimataifa ya kasa huyo imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa mataifa wa kulinda viumbe walio hatarini, na ng'amba baharini wamebaki wachache. Kama kimo kitana cha aina hiyo katika mkebe wa bibi, kibaki humo kama kumbukumbu. Na watoto wakikuletea vigae na shanga za kioo kutoka magofu ya Ras Mkumbuu au Pujini, warudishe nazo. Ushanga ulio ardhini mahali pa kale unamwambia mchimbuzi karne gani na meli kutoka wapi. Ukiwa kwenye shingo yako haumwambii mtu lolote.

Vitu vya kale vya kuongezea huna haja ya kuvifuata kwenye maduka ya Hurumzi, ambako bei imepangwa kwa mgeni wa siku tatu. Nenda kwa fundi saa, muombe saa zilizokufa. Magurudumu yake ya meno ni hereni tayari. Nenda kwa fundi cherehani. Kaa na wazee, lakini usiwe yule mjukuu anayekuja na elfu kumi kumnunulia bibi kipini chake. Uliza habari yake, uiandike kwenye kikaratasi, na mara nyingi habari inakutosha. Stempu na picha za zamani usizikate kutengenezea kadi. Zanzibar ilikuwa na stempu zake tangu 1895 mpaka 1967, na zile zilizopigwa muhuri wa Jamhuri 1964 juu ya sura ya sultani zina watu wanaozitafuta. Piga nakala, ukate nakala.

Kwa kuwa uko Wete, nikupe na kazi moja ya huko huko. Kiganja kimoja cha karafuu za jikoni (za gunia waachie wenye kazi yao) uziroweke maji usiku kucha zilainike, asubuhi uzitunge kwa sindano, tatu tatu, baina yake ushanga wa karatasi. Zikikauka zinashika. Zinaacha rangi na mafuta yake yanawasha ngozi laini, kwa hivyo zivae juu ya nguo au uzitundike ndani ya kabati.

Sasa mama mkwe. Sijui ana umri gani, lakini akiwa ni wa kizazi changu amekaa alasiri nyingi akifunga vikuba: asumini, mrehani, kilua, majani ya mkadi, anavipanga, anavifumbata, anavifunga uzi, na kesho yake vimekauka. Hakuviuza, na hakuna aliyemwambia ni michezo. Muombe akufundishe kufunga kikuba. Usimwambie mimi nimekutuma. Utashangaa atakavyokuwa mkali juu ya mpangilio wa rangi.

Hapo umeshapata jibu langu la kuuza. Mwaka wa kwanza usiuze. Mtu akikuomba, mpe, au mkubaliane akuletee kalenda zake za zamani. Anayeanza kuuza mapema hutengeneza kile kile kilichouzika wiki iliyopita, na baada ya miezi sita amejipatia ofisi nyingine, yenye mshahara mdogo zaidi. Ukishafika kwenye mkufu ambao ukimpa mtu unaona uchungu kidogo, huo ndio uutie bei. Bei isiwe ya huruma.

Wakati ninaokushauri ni baina ya alasiri na magharibi, kibarazani, kwenye mwanga wa jua linaloshuka, si usiku chini ya taa huku umesinzia. Watoto wapewe chelewa zao. Jirani anayesuka ukili akae karibu. Yeye ukili, wewe karatasi, mazungumzo yaendelee. Simu iache ndani.

Kabla hujaanza kukata chochote, nifanyie hisani moja: vile vikaratasi viweke juu ya kitambaa cheupe, karibu na dirisha lakini nje ya jua, uweke rula pembeni, uvipige picha kwa mbele na kwa ubavu, unitumie. Usijaribu kukifumua hata kimoja.